Mkenya Mtaani Kenya, Lubumbashi

Wahenga walisema tembea uone. Nami naongeza kwamba aliyetumwa huona zaidi, maana hachagui njia. Wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili, nanyi walimu wangu waheshimiwa mliotuvumilia na insha zetu za madoido, nawasalimu nyote. Mhariri wa gazeti hili ameniomba niandike kidogo kuhusu maisha ya kijana mmisionari katika nchi ya kigeni. Sababu yake ni kwamba kila ninapokutana na mtu tuliyesoma naye, swali huwa ni lile lile: "Ati ulienda Kongo? Mlikuwa mnashinda mkifanya nini kutwa kucha?" Swali ni la haki. Nitalijibu bila kuongeza chumvi. Na msihofu, sikuja kuwahubiria. Mahubiri yana siku yake.

Wengi wetu tukisikia neno "mmisionari" twafikiria mzungu mwenye ndevu ndefu kwenye kitabu cha historia, kama Ludwig Krapf aliyefika Mombasa mwaka wa 1844. Siku hizi mambo yamegeuka. Mmisionari aweza kuwa kijana wa Kibwezi aliyekulia muthokoi, aliyeketi kwenye madawati yale yale mnayokalia. Katika kanisa letu, Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo wengi wenu mnalijua kwa jina la Wamormoni, kijana wa kiume akitimiza umri wa miaka 18 anaweza kujitolea kuhudumu kwa miaka 2. Hakuna mshahara. Yeye na jamaa zake hutoa walicho nacho kusaidia gharama. Na mahali pa kwenda hachagui, huambiwa tu.

Mimi niliambiwa mwaka wa 2022, nikiwa na miaka 19: Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, misheni ya Lubumbashi. Lo! Nyumbani palizuka kilio. Mama alisikia "Kongo" akasikia "vita". Ilinibidi nitoe atlasi yangu ya kidato cha pili nimwonyeshe kwamba Goma, inayotajwa kwenye habari, iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Lubumbashi, na kwamba Lubumbashi iko kusini kabisa, karibu na mpaka wa Zambia. Mama alitazama ramani lakini hakuiamini. Susu, yaani nyanya yangu, ndiye aliyeuliza swali la maana: "Huko wanasema lugha gani?" Nikamjibu, Kifaransa na Kiswahili. Akatikisa kichwa akasema, "Basi nenda. Anayejua kuomba maji hafi kwa kiu."

Baada ya majuma machache ya mafunzo jijini Accra, Ghana, ambako nilisukumiwa Kifaransa kichwani kama nguo kwenye sanduku la bweni, nilitua Lubumbashi. Sasa sikilizeni maajabu. Jiji hilo limegawanywa katika sehemu 7 za utawala ambazo wenyeji huziita komini. Kuna Katuba, kuna Kamalondo, kuna Kampemba, kuna Ruashi, na kuna moja inayoitwa Kenya. Naam, Kenya! Hapo ndipo nilipopangiwa. Mtu akiniuliza, "Unatoka wapi?" namjibu, "Kenya." Ananiambia, "Hata mimi. Avenue gani?" Ilichukua muda watu kuamini kwamba kuna Kenya nyingine yenye rais na bendera.

Sasa niwajibu kuhusu kushinda. Siku ya mmisionari huanza saa 12:30 asubuhi. Kwa aliyezoea kengele ya shule yetu, hiyo ni anasa tupu. Nusu saa ni ya mazoezi ya mwili, kisha kuoga kwa maji ya ndoo, kisha uji au mkate. Baada ya hapo ni kusoma: muda wa kusoma peke yako, muda wa kusoma na mwenzako, na muda wa kujifunza lugha. Yaani prep haikuisha. Ilinifuata mpaka Kongo. Kufikia saa 4 asubuhi tumevaa shati jeupe, tai, na kibao cheusi kifuani chenye jina, tuko barabarani. Tunarudi saa 3 usiku, na saa 4:30 taa imezimwa. Hakuna sinema, hakuna disko, hakuna msichana wa kumwandikia barua za kopa. Chai na kahawa pia hatunywi, na Mkenya mzima akisema hanywi chai watu humtazama kama mgonjwa. Jumatatu ndiyo siku ya kufua, kununua chakula na kupiga simu nyumbani. Zamani wamisionari wetu walipiga simu siku chache tu kwa mwaka, kama vile Krismasi. Ruhusa ya kila juma ilitolewa Februari mwaka wa 2019. Lubumbashi iko nyuma ya Nairobi kwa saa moja, kwa hiyo Mama alikuwa akinikaripia, "Umechelewa!" kumbe saa yake ndiyo iliyotangulia.

Cheo chetu ni Elder, na kwa Kiswahili cheo hicho ni Mzee. Hebu fikirini kijana wa miaka 19, ndevu tatu kidevuni, anaitwa Mzee! Mwanzoni nilicheka. Baadaye nikaona cheo kile ni kama viatu vya kaka mkubwa: unavaa kwanza, mguu unakua humo humo.

Mmisionari wetu haendi peke yake hata siku moja. Mko wawili saa zote, kama Yesu alivyowatuma wanafunzi wake wawili wawili. Mwenzangu wa kwanza alitoka Kinshasa. Yeye alikuwa na Kifaransa na Kilingala, lakini Kiswahili kilimpiga chenga. Mimi nilikuwa na Kiswahili, lakini Kifaransa changu kilitembea kwa magongo. Tukifika kwa karani au mwalimu, yeye ndiye kinywa. Tukifika kwa mama muuza nyanya, kinywa ni mimi. Mtu mmoja aliye kamili tuligawana wawili. Usidhani ni rahisi. Yeye alitaka muziki wa kwaya alfajiri, mimi nataka kimya. Majani ya muhogo yaliyopikwa yeye aliita pondu, na majirani wakayaita sombe, na kila upande uliapa kwamba upishi wa upande wa pili si chakula. Kuishi na mtu usiyemchagua, mkagawana sufuria moja na sala moja, ni mtihani ambao KCSE haina karatasi yake. Nilijifunza kuomba radhi kabla ya kulala, hata pale nilipoona haki ni yangu, kwa sababu kesho saa 4 tutabisha mlango mmoja, na mwenye nyumba hunusa ugomvi kabla hamjafungua vinywa.

Wapenzi wa Kiswahili, hapa naomba mnipe masikio. Kiswahili cha Lubumbashi ni ndugu wa chetu, lakini ni ndugu aliyelelewa kwa mjomba. Watoto ni batoto, watu ni bantu, vitu ni bintu. Nakuja ni minakuya. Ugali ni bukari, na unga ni bunga. Ukiambiwa "tosha biatu," usijipime miguu. Unaambiwa uvue viatu, maana kutosha kwao ni kuondoa. Mama akikwambia anauza makala, usimwombe aandike katika gazeti letu. Makala ni mkaa, unaochomwa kutoka miti ya misitu inayozunguka jiji. Siku za kwanza niliona lugha yao imevunjika. Lakini kila nilipowasikiliza wakibembeleza watoto, wakifanya biashara, wakiomba Mungu na kuzikana kwa lugha hiyo hiyo, nilianza kuuliza: kilichovunjika hubebaje mzigo mzito namna hii?

Historia yake ni nzuri. Katika karne ya 19 Mnyamwezi mmoja, Msiri, aliyetoka nchi ambayo leo ni Tanzania, alianzisha ufalme wa Garenganze wenye makao Bunkeya, huko huko Katanga. Wafanyabiashara wa kutoka mashariki walifika kwake, na Kiswahili kikafika nao. Msiri aliuawa mwaka wa 1891, na Wabelgiji wakaitwaa nchi. Mwaka wa 1910 wakaanzisha mji waliouita Elisabethville, ambao tangu mwaka wa 1966 unaitwa Lubumbashi. Ulijengwa kwa ajili ya shaba. Wachimbaji walitoka Kasai, Rwanda, Zambia na kwingineko, kila mtu na lugha yake, na katika kambi za migodi Kiswahili ndicho kilichowapatanisha. Hadi leo bomba refu la moshi la kiwanda cha shaba na kilima cheusi cha masalio ya madini huonekana kutoka mbali. Basi walimu wangu, msinichape: Kiswahili sanifu nakipenda, lakini sasa namheshimu na yule ndugu wa kwa mjomba.

Nirudi kazini. Asilimia kubwa ya kazi ya mmisionari ni kutembea na kukataliwa. Masika huko huanza karibu na Novemba hadi Machi au Aprili, na udongo mwekundu hugeuka matope yanayoshika kiatu kama deni. Kiangazi udongo ule ule huwa vumbi, na shati jeupe hurudi jioni rangi ya tofali. Tulibisha, tukasalimu, tukaambiwa "kesho." Kesho tukaambiwa "kesho." Wengine walitukaribisha ili wajifunze Kiingereza kwangu. Wengine walitaka mtu wa kuwasaidia kuchota maji au kufyatua matofali kwa udongo wa vichuguu, na kazi hizo tulizifanya kwa moyo, tai tumeiweka mfukoni. Kwa miaka yote 2, watu niliowafundisha wakabatizwa hawakuzidi 11. Kwa hesabu za duka, hiyo ni hasara.

Kuna babu mmoja, mstaafu wa migodini, aliyeniuliza swali ambalo halikuniacha nilale. Alituketisha chini ya mwembe wake, akatusikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema: Mapadri Wabenediktini walifika Katanga mwaka wa 1910. Kabla yao, mwaka wa 1886, kijana Mskoti, Frederick Arnot, alifika kwa Msiri na Biblia yake. "Sisi tuko bakristo tangu babu zetu. Wewe mutoto, unatuletea nini chenye hatuna?"

Hapo sasa! Mwenzangu alinitazama, nami nikamtazama. Nilikuwa na jibu la kitabuni, nikalitoa, kwa kuwa nililiamini na ningali naliamini. Lakini nilijua babu hakuuliza swali la kitabuni tu. Aliuliza kama kijana wa mbali ana haki ya kuja mlangoni kwa mtu mzima aliyezika watoto na kustahimili vita na njaa, amwambie kuna jambo amelikosa. Nilimtazama Arnot kwa jicho jingine tangu siku hiyo. Alipofika Bunkeya alikuwa na miaka 27 tu, hana jeshi, yuko mbali na kwao, na kila siku yake ilitegemea ukarimu wa watu waliokuwa hawajakubali neno lake hata moja. Nikasema kumbe shughuli hii tangu zamani ni ya mgeni na mwenyeji. Neno la Mungu ulilobeba waweza kuliamini kwa nguvu zako zote, lakini kiti cha kulisemea ni cha mwenye nyumba.

Kiti changu mimi kilikuwa benchi la mama mmoja muuza makala, karibu na soko. Siku ya kwanza tu alitukata maneno: "Mi niko Katoliki. Nilizaliwa Katoliki, nitakufa Katoliki. Lakini jua iko kali. Mwikale kwanza." Kuikala ni kuketi. Basi tukaikala. Tangu siku hiyo, kila tulipopita alitusogezea benchi, akatupa maji, akauliza kama tumekula. Hakuwahi kuja kanisani kwetu, hata sikukuu. Tulimsaidia kushusha magunia, mikono ikawa myeusi, naye akatucheka kwamba sasa tunafanana na kazi ya watu. Mwenzangu aliuliza siku moja kama tunapoteza wakati pale, kwa kuwa lengo letu ni kufundisha. Nilimwambia tusikate mguu wa kupita.

Julai mwaka wa 2023, wakati wa baridi, simu ilikuja si siku ya Jumatatu. Susu amefariki. Kiongozi wetu wa misheni alizungumza nami kwa upole sana. Baba alisema uamuzi ni wangu, wao watanielewa nikirudi na watanielewa nikibaki. Usiku huo sikulala. Mimi ndiye mjukuu aliyelelewa mgongoni mwa susu, wakati Mama akifanya kazi Mombasa. Kwetu mjukuu wa namna hiyo hutarajiwa kaburini kabla ya watu wengine. Lakini nilikumbuka alivyosema "Basi nenda," akiwa na fimbo yake mkononi, na nikajua hakusema nenda kisha urudi nusu ya njia. Nikaamua kubaki. Sisemi kila mtu angefanya hivyo. Mimi nilifanya hivyo, na nililipa bei yake.

Jumamosi ya mazishi nilitoka na mwenzangu kama kawaida, kwa maana kukaa chumbani kungenimaliza. Tulipofika kwa yule mama, alikuwa amefunga biashara. Jumamosi, siku ya pesa, magunia yamefunikwa! Sijui nani alimwambia. Mtaani Kenya habari hazihitaji redio. Alikuwa amewaita kina mama wenzake wa kanisa lake, kama 8 hivi, wametandika mikeka, wamevaa vitenge vya msibani. Nilitaka kumweleza kwamba sisi si wa kanisa lao, kwamba asijisumbue. Akanizuia kwa mkono. "Kilio haina kanisa," akasema. "Ikala."

Saa 5 asubuhi za Kibwezi, saa 4 za Lubumbashi, susu aliteremshwa kaburini. Nilikuwa nimeketi kwenye mkeka kati ya wanawake Wakatoliki wanaosali rozari kwa Kiswahili ambacho mwalimu wangu angekipiga mistari myekundu kila sentensi. Mwenzangu wa Kinshasa aliomba kwa Kilingala. Waliniuliza susu alikuwa mtu wa namna gani, nikawasimulia: fimbo yake, ukali wake, jinsi alivyoficha ndizi kwa ajili yangu. Walicheka mahali pa kucheka, wakalia mahali pa kulia, kana kwamba walimjua. Kisha wakasonga bukari, wakapika sombe, tukala. Wakati wa kuondoka mama yule alinishika mkono kwa mkono wake mweusi wa makala, akasema, "Kenya ya kule ikusamehe kidogo. Leo ulikuwa mutoto wa Kenya ya hapa."

Tangu utotoni tumeandika katika insha zetu kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni methali nzuri, na kila mmisionari huondoka kwao akiwa ameiweka mfukoni. Mimi niliona upande wake wa pili: mgeni alikuja, naye mwenyeji ndiye aliyemponya. Mama yule hakukubali hata ukurasa mmoja wa mafundisho yangu. Lakini kama mtu angeniambia nionyeshe mahali nilipoona Injili ikifanyika kwa mikono katika miaka ile 2, ningempeleka kwenye lile benchi lake. Imani yangu haikupungua kwa hilo. Iliongezeka, ila ilipata masikio.

Nilirudi nyumbani mwaka wa 2024. Kitu cha kwanza nilikwenda kaburini kwa susu, Mama akiwa kando yangu. Nilimwambia susu kwamba alisema kweli: niliomba maji, nikapewa, sikufa kwa kiu.

Wadogo zangu, si lazima mwe wamisionari. Mwingine atakwenda mbali kwa masomo, mwingine kwa kazi, mwingine ataolewa katika kabila ambalo lugha yake hajui hata salamu. Popote mtakapotumwa, bebeni mnachokiamini bila aibu, lakini mkifika mlangoni salimuni kwanza, tosheni biatu, mwikale, msikilize. Na Kiswahili hiki tunachokiona kama somo la kupita mtihani, kitunzeni. Mimi kilinifungulia milango ambayo Kifaransa changu cha magongo kisingeifikia.

Wino umekauka, na mhariri ananiambia nafasi imekwisha. Alamsiki.